Nimeng'oa sanduku la chuma, nimejengewa meko ya matofali

Meko tuliyoikuta humu ndani ilikuwa sanduku la chuma la kiwandani, limevishwa marumaru kwa mbele lionekane kitu cha maana. Ndani lilikuwa na vibao vyembamba vya kukinga moto, vimechorwa mistari vifanane na matofali. Vibao vikapasuka, sakafu yake ikaliwa na kutu kwa mvua iliyoingia kupitia juu ya bomba, na kilango cha moshi kikagoma kufunga. Joto lenyewe? Magoti yanaungua, mgongo unaganda.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitaka kupanga matofali humo humo ndani ya sanduku, amalize haraka aende zake. Wa pili, ambaye ndiye ninayemsifu hapa, alikataa katakata. Kuta za sanduku lile zilikuwa za tabaka mbili, na katikati hupita hewa ya kuzipoza. Ukipachika matofali ndani unavuruga mpango mzima uliopimwa kiwandani pamoja na bomba lake, na mbao zilizo nyuma ya ukuta zinaweza kupata moto kimyakimya. Akasema ama vyote vitoke, bomba pia, au nitafute mtu mwingine. Nikajua nimempata fundi.

Kazi kubwa haikuwa matofali. Sanduku lilikuwa limekaa tu juu ya sakafu ya mbao kama kabati. Meko ya kujengwa pamoja na dohani yake ni uzito wa tani kadhaa, na uzito huo lazima ufike ardhini. Basi sakafu ikakatwa, shimo likachimbwa, nondo zikafungwa, zege likamwagwa. Vumbi liliingia hadi kwenye droo za nguo. Ukitaka kufanya kazi kama hii, uliza habari za msingi na kibali kabla hujaanza kubishana na mwenzako juu ya rangi ya tofali.

Umbo nilichagua la Rumford, yaani mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana pia kama Count Rumford, aliyeandika juu ya meko na moshi miaka ya 1790. Mdomo wake ni mrefu kwenda juu, kina ni kifupi, na kuta za pembeni zinatanuka kuja mbele ili joto lirushwe chumbani. Koo, pale moshi unapoingilia dohani, lina upana wa kama sentimita 10 tu. Fundi alikaa hapo na mwiko, anapaka, analainisha kwa kiganja, anapaka tena, mpaka nikaanza kununa. Sasa moshi wote unapanda, hata kuni zikiwa ndiyo kwanza zinashika. Matofali yenyewe ni yale ya kustahimili moto, mishono haizidi milimita 3, na kilichoyaunganisha ni udongo maalumu, kwa kuwa saruji ya kawaida hupukutika ikichomwa mara kwa mara.

Dohani sijaipenda kwa nje. Inapaswa kutoka juu ya paa angalau sentimita 90, na kuzidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3, kwa hiyo imechomoza mno. Lakini inavuta vizuri, sina la kusema.

Usitegemee kuwasha siku fundi anapoondoka. Tulisubiri kama mwezi unyevu utoke, kisha tukaanza na vimoto vidogo vidogo. Jambo jingine ambalo sikulitarajia: meko hii inavuta hewa nyingi. Feni ya kutolea hewa jikoni ikiwa inazunguka, moshi unarudi sebuleni, ndiyo maana tunafungua dirisha kidogo. Kilango cha moshi hakifungwi hadi makaa yafe kabisa, na kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moto, iko ukutani. Asubuhi matofali bado yana uvuguvugu, kitu ambacho sanduku la chuma halikuwahi kunipa.

Nampa nyota nne. Ya tano naishikilia kwa sababu ya rafu ya mbao aliyoahidi kuiweka juu ya mdomo wa meko. Haruhusu iwe karibu chini ya sentimita 15, na kadiri inavyojitokeza mbele ndivyo anavyotaka kuipandisha, hilo ninalikubali. Ila mbao imeegemea ukutani tangu alipoondoka, na kila nikimpigia anasema yuko njiani.