Mukombero wa shambani kutoka Kakamega: mizizi inunuliwe, unga usubiri

Msafiri wa basi la usiku kati ya Nairobi na magharibi mwa Kenya huenda ameshauona mukombero hata kama hajawahi kuuliza jina lake. Ni ule mzizi wa rangi ya kahawia unaotembezwa na wachuuzi pamoja na karanga, na ambao madereva huutafuna ili usingizi usiwazidi nguvu. Mchuuzi wa mjini ni nadra kujua ulichimbwa wapi. Ninaoutathmini hapa umepandwa na wakulima wanaopakana na msitu wa Kakamega, na niliununua katika kibanda chao kando ya barabara, upande wa Shinyalu. Unga wake niliupata kwingine, katika duka la mjini, nao nitaugusia baadaye.

Fungu la mizizi mitano, unene wa kidole gumba, liliuzwa shilingi 100. Ilikuwa mibichi, udongo ukiwa bado umeganda kwenye mikunjo, na nilipokwangua ganda kwa ukucha ilitoka harufu ya vanila iliyo kali kuliko ya chupa za dukani. Si ajabu, kwani kemikali inayoupa mukombero harufu hiyo ina undugu wa karibu sana na vanilini yenyewe. Kinacholiwa ni ganda nene la nje. Kiini ni mti mtupu na hutupwa. Anayeutafuna kwa mara ya kwanza asikate tamaa mapema, kwa maana uchungu hutangulia, kisha utamu wenye ukali wa tangawizi huufuata na kukaa mdomoni kwa muda mrefu. Sikuona tofauti yoyote ya ladha kati ya huu na ule wa msituni, ingawa wapo wateja wanaoapa kwamba wa msituni ndio wenye nguvu.

Mama aliyekuwa akiuza alinipeleka nyuma ya kibanda nikajionee shamba lenyewe, na hilo kwangu lina thamani kuliko cheti chochote. Mukombero ni mtambaazi: hupanda juu ya miti, majani yake mapana yana umbo la moyo, na ukivunja kikonyo hutoka utomvu mweupe. Hapo shambani mkulima hufukua upande mmoja wa shina, hukata mizizi michache na kuifukia mingine ili mmea uendelee kuishi. Msituni mchimbaji mwenye haraka hung'oa wote, na mmea ulioliwa mizizi yote hauchipui tena. Kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, uchimbaji wa namna hiyo umeufanya mmea huu kuwa adimu mno porini. Kakamega nao ni kipande kikuu kilichobakia nchini Kenya cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo, kwa hiyo kila fungu linalotoka shambani ni fungu ambalo halikulazimika kutoka msituni.

Unga ulinivunja moyo. Pakiti ile ya dukani haikuwa na tarehe ya kusagwa wala jina la mahali mizizi ilikotoka, na harufu ya vanila ilikuwa imefifia kiasi kwamba chai niliyoukorogea ilibaki na ladha ya vumbi la mbao. Nashuku kiini kilisagwa pamoja na ganda ili kuongeza uzito. Ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa usindikaji ndio unaoweza kumpa mkulima zaidi ya shilingi za fungu, na mfano mzuri uko papo hapo Kakamega: kikundi cha wakulima cha Muliru hulima mmea wa dawa wa jamii ya kivumbasi wenye kafuri nyingi, huukamua mafuta na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wasagaji wa mukombero wana mahali pa kujifunzia, tena hawahitaji nauli kubwa.

Kuhusu nguvu za kiume, ambazo ndizo wachuuzi hunadi kwa sauti ya juu, mnunuzi atumie akili yake: sehemu kubwa ya majaribio yaliyochapishwa imefanywa kwa panya. Nilichokihakiki mwenyewe ni kwamba mukombero huamsha hamu ya kula na huondoa harufu mbaya kinywani. Mjamzito au mtu anayetumia dawa za hospitali amwulize daktari kwanza.

Naipa mizizi ya kibanda kile alama nne kati ya tano, na ile moja nimeiondoa kwa sababu fungu hufungwa kwa utepe wa plastiki pale ambapo ukindu ungetosha. Unga wa dukani naupa moja. Anayenunua achague mizizi isiyonyauka, aioshe na kuimenya siku hiyo hiyo, kisha aanike maganda kivulini. Yakikauka vizuri na kufungiwa ndani ya chupa yenye kifuniko, hukoleza chai vizuri kuliko pakiti ile.