Mwongozo wa sauti wa visiwa vya Ugiriki: wamepaka karne nane rangi moja

Nianze na ramani, maana ndiyo iliyonipandisha presha. Ukifungua sura ya wahamiaji wa Zama za Kati kwenye huu mwongozo wa sauti (wa kulipia, unapakua kwenye simu), unakuta visiwa vyote vya bahari ya Aegea, kuanzia Krete hadi Andros, vimepakwa rangi ya machungwa. Chini yake maneno haya tu: Waslavi na Waalbania, karne ya 7 hadi ya 15. Basi! Miaka mia nane kwenye kopo moja la rangi, na hela yetu wamekula.

Hawa watu hawakuja pamoja, hawakuja kwa njia moja, wala hawakuacha alama sawa. Waslavi wa miaka ya 600 walifika visiwani kupora. Maandishi ya miujiza ya Mtakatifu Demetrius wa Thesalonike yanawataja wakivuka bahari kwa mitumbwi ya kuchonga gogo na kuvamia Cyclades, kundi la visiwa vya katikati ya Aegea. Tarikhi ya Kisiria inasema mwaka 623 waliingia Krete na visiwa vingine, wakaua watawa wapatao 20 wa monasteri ya Qenneshre. Waliotaka kulima walikaa bara, hasa Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, ambako makabila ya Kislavi ya Milengi na Ezeriti yalishikilia milima ya Taygetus kwa karne kadhaa. Mwanaisimu Max Vasmer alipochapisha hesabu yake ya majina ya mahali yenye asili ya Kislavi mwaka 1941, Peloponnese ilipata zaidi ya 400. Krete nzima 17. Cyclades? Manne. Hiyo rangi ya machungwa wameitoa wapi?

Sauti nayo inadai kila kijiji chenye jina linaloishia na -itsa ni cha Waslavi. Jamani. Mkia huo uliingia Kigiriki zamani, na Wagiriki wenyewe wakautumia kama wa kwao. Kazi yenyewe si ngumu kihivyo: tafuta hati ya zamani kabisa inayotaja jina, kagua mzizi badala ya mkia, halafu uliza nani alilileta, maana Waalbania nao walishuka kusini na majina ya Kislavi waliyoyaokota njiani. Ukiruka hatua hiyo ya tatu utawaona Waslavi hata pale ambapo hawakukanyaga.

Waalbania walikaribishwa. Tauni ya 1347–1348 na maharamia viliwaachia mabwana wa nchi mashamba yasiyo na wakulima. Mwaka 1402 Seneti ya Venice ilitangaza kwamba atakayehamia kisiwa cha Euboea na farasi wake ndani ya miaka miwili, Mwalbania au mwingine asiye raia wa Venice, atapewa ardhi isiyolimwa na kusamehewa kazi za lazima, mradi aendelee kufuga farasi kwa ajili ya ulinzi. Mkataba wenye masharti, jamani, ndio wanauweka fungu moja na uvamizi wa mitumbwi!

Niliwaandikia. Huduma kwa wateja wakanijibu hivi: "Mteja wa kawaida hajali karne. Ukitaka darasa nenda maktaba." Hakuna hata samahani. Kosa la ramani ningelimeza, lakini mtu uliyemlipa akwambie kwamba kujali ndiyo kasoro yako?

Sasa nisiwe mchoyo: sura ya Andros ni nzuri sana. Meli ya kutoka bandari ya Rafina inatia nanga Gavrio, na sauti inakwambia usikimbilie Chora, mji mkuu wa kisiwa, kwanza, tazama kaskazini. Upande huo ulijazwa na Waarvanita, yaani Waalbania waliohamia Ugiriki, waliovuka kutoka kusini mwa Euboea karne ya 15. Inakuonyesha makazi yaliyotawanyika, kila ukoo karibu na shamba na mifugo yake, kisha ukishuka kusini unaona vijiji vilivyobanana. Inaeleza pia kwamba walikuwa Waorthodoksi, ndiyo maana ndoa na Wagiriki hazikuwa na kikwazo cha dini, huku lugha yao, Kiarvanitika, ikidumu majumbani. Aliyeandika sura hii anajua. Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Halafu inakuja Hydra, eti manahodha wake ni "damu ileile ya mabaharia wa Athens ya kale". Kisiwa kilichojazwa na Waarvanita wa Peloponnese, wimbi baada ya wimbi, wengine wakiongezeka baada ya Waosmani kuinyakua tena Peloponnese kutoka kwa Venice mwaka 1715! Familia ya Kountouriotis, matajiri wa merikebu waliogharimia vita vya uhuru wa Ugiriki vya 1821, ni ya ukoo huohuo. Aegina ndiyo kabisa: inaruka kutoka hekalu la kale la Aphaia hadi Kapodistrias, gavana wa kwanza wa Ugiriki huru, mwaka 1828, bila neno juu ya 1537, mwaka ambao Barbarossa, amiri wa Waosmani, alikizoa kisiwa na kuwapeleka watu utumwani. Waliokuja kukijaza tena baadaye, Waalbania wakiwemo, hawamo kabisa.

Nyota mbili. Hapana, moja na nusu, ile nusu naikata kwa lile jibu lao. Ukilazimika kununua, chukua sura ya Andros peke yake, inauzwa kando. Ipakue ukiwa bado Rafina, na ukifika kwenye ramani, bonyeza kuruka.