Uzoefu Wangu wa Kutengeneza Matunzio ya Picha ya Mtandaoni kwa Lightroom Classic

Watu wengi wanaohariri picha kwa Adobe Lightroom Classic huishia kwenye moduli (yaani sehemu ya programu) iitwayo Develop, wakarekebisha mwanga na rangi, kisha wakatoa faili na kuzipakia kwingine. Mimi nimekuwa nikitumia pia moduli yake ya Web kuwaandalia ndugu zangu matunzio ya picha za ukoo, zikiwemo za zamani zilizoskaniwa, na kwa kazi hiyo naiona kuwa moduli isiyopewa heshima inayostahili.

Inachofanya ni hiki: unachagua picha, unachagua kiolezo, unapanga rangi na maandishi, kisha programu inakutengenezea folda yenye kurasa za HTML (lugha ya kuundia kurasa za wavuti), vijipicha na picha kubwa. Folda hiyo ni mali yako. Unaweza kuifungua kwenye kompyuta yako bila intaneti, ukampa mtu kwenye diski, au ukaipakia kwenye seva yoyote uliyoikodi, hata moja kwa moja kutoka ndani ya programu kwa njia ya FTP, yaani utaratibu wa kuhamishia faili kwenye seva. Kwangu jambo hili ni kubwa, kwa sababu huduma moja ya kuhifadhi picha niliyowahi kuitegemea ilibadilisha masharti yake, na mpangilio wote niliokuwa nimeuandaa humo ukapotea ingawa picha zenyewe zilibaki.

Lakini thamani yake hasa nimeiona kwenye maelezo ya picha. Katika moduli ya Library kila picha ina nafasi ya kichwa na nafasi ya maelezo, zinazofuata viwango vya IPTC ambavyo vyombo vya habari huvitumia kuandika nani yuko kwenye picha na ilipigwa wapi. Ukitumia kiolezo cha Classic Gallery, paneli ya Image Info inakuwezesha kuamrisha kwamba kichwa kionekane juu ya picha na maelezo yakae chini yake, kwa picha zote kwa mpigo mmoja. Chukulia picha ya mzee aliyempakata mjukuu wake mbele ya mlango, huku watu wanne wamesimama nyuma yao. Bila maelezo, kijana anayeitazama leo ataona sura tu. Niliandika majina kuanzia kushoto kwenda kulia, nikaongeza nani ni mtoto wa nani na mwaka ambao shangazi anaukumbuka, na maneno hayo yakatokea chini ya picha kwenye ukurasa bila mimi kuyaandika mara ya pili. Shangazi huyohuyo aliposema kwamba wa tatu siye tuliyemdhani, nilisahihisha mahali pamoja tu, na matunzio yote niliyotoa baadaye yakawa na jina sahihi. Kazi ya kuandika ni ndefu na inachosha, nami sijui njia ya kuikwepa, ila angalau hapa jasho lako halipotei, kwa kuwa maelezo yanaambatana na picha popote utakapoipeleka ndani ya katalogi, yaani orodha ambamo programu hutunza kumbukumbu za picha zako.

Hapa kuna tahadhari ambayo ningependa kila anayeweka picha za familia mtandaoni aizingatie. Simu nyingi huandika ndani ya faili ya picha mahali hasa ilipopigwa, na picha ya watoto wakicheza nyumbani inaweza kumwonyesha mtu asiyehusika nyumba hiyo ilipo. Kwenye paneli ya Output Settings kuna mahali pa kuchagua kama picha zitoke na metadata yote (taarifa zilizofichwa ndani ya faili) au zitoke na taarifa ya hakimiliki pekee. Chagua hakimiliki pekee. Majina uliyoyaandika bado yataonekana, kwa sababu maandishi ya chini ya picha yamewekwa kwenye ukurasa wenyewe, ila data ya mahali haitatoka pamoja na faili.

Kuhusu sura ya ukurasa, sina mengi ya kusema. Matoleo ya zamani yalikuwa na matunzio ya Flash, teknolojia ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Violezo vya HTML5 vilivyoletwa mwaka 2015, yaani Grid, Square na Track, hufunguka vizuri kwenye kivinjari cha simu. Track huziacha picha katika umbo lake la asili, na hiki ndicho kiolezo ninachokipendekeza pale ambapo picha zilizosimama zimechanganyika na zilizolala. Kwa picha nyeusi na nyeupe mimi huweka nyuma rangi ya kijivu iliyokolea, kwa kuwa weupe mtupu huzifanya zionekane hafifu kuliko zilivyo.

Ukubwa na ubora vinahitaji uvumilivu kidogo. Kishale cha ubora wa JPEG kinakwenda hadi 100, lakini picha za 100 huwa nzito kupita kiasi kwa mtu anayetumia kifurushi cha simu, na tofauti yake na za 75 au 80 mimi siioni kwenye kioo. Picha zilizopunguzwa hupoteza ukali wa kingo, hivyo naacha programu izinoe kwa kiwango cha kati inapozitoa, isipokuwa zile zilizoskaniwa, maana kunoa huzidisha mikwaruzo na chembechembe za karatasi. Kabla ya kupakia chochote, bonyeza kitufe cha kuhakiki kwenye kivinjari, ufungue picha chache za mwanzo na za mwisho, na usome maelezo yake kama mgeni.

Ni vyema pia ijulikane kwamba matunzio haya hayajisasishi. Ukirekebisha picha leo, ukurasa ulioko kwenye seva hautajua, mpaka uutoe upya na kuupakia tena. Ndiyo maana nahifadhi mipangilio pamoja na mkusanyiko wa picha kwa amri ya Create Saved Web Gallery, kisha toleo jipya nalipakia kwenye folda ileile ili kiungo walichonacho ndugu kiendelee kufanya kazi. Nenosiri la kuwazuia wasiohusika kufungua ukurasa halitoki kwenye programu. Linawekwa upande wa seva. Vilevile watazamaji hawawezi kuandika maoni wala kuweka alama kwenye picha wanazozitaka, kwa hiyo mpiga picha ambaye wateja wake huchagua wenyewe picha za kusafishwa atahitaji huduma ya aina nyingine, hata kama picha zake amezihariri humuhumu.