Mazungumzo ya Fundi wa Mbao kwa Vikundi vya Kazi za Mikono, Unguja

Kikundi chetu cha wasusi wa ukili kilimwalika fundi mkongwe wa mbao, ambaye siku hizi huzungumza na vikundi vya kazi za mikono hapa Unguja kuhusu useremala wa asili na zana zake. Huduma hii naisifu kwa dhati.

Juu ya mkeka alipanga tezo, patasi, randa na keekee, na muda mwingi akautumia kwa keekee, zana ya kutobolea mbao, uamuzi ninaouona wa busara. Mkono mmoja hukandamiza kichwa cha kijiti chenye ncha ya chuma, na wa pili huvuta na kusukuma uta ambao kamba yake imekizunguka kijiti hicho. Nacho, kwa kuwa huzunguka kwenda na kurudi, huhitaji ncha yenye makali pande zote mbili. Kutokana na tundu ndogo zinazotobolewa na keekee alitueleza mtepe, chombo cha kale cha baharini ambacho mbao zake zilitobolewa ili zishonwe kwa kamba za usumba, kisha jahazi, ambalo hutobolewa kwanza ili msumari usipasue ubao. Wasusi, waliozoea kushona ukili maisha yao yote, waliuliza maswali mazito kuhusu ule mshono wa mtepe, naye aliyajibu kwa subira na heshima. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho yenye mfano wa mtepe, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, maelezo ya namna hii kutoka kwa mtu aliyeshika zana mwenyewe yamezidi thamani.

Sehemu ya milango ya Mji Mkongwe haikunitosheleza sana. Alitofautisha vizuri mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ule wa Kihindi wenye tao, lakini alipofikia nakshi za samaki na minyororo alitoa maana moja moja kwa uhakika mno, ilhali wajuzi wenyewe hutofautiana. Tezo nayo, inayochonga mataruma, yaani mbavu za vyombo vya baharini, ilipitiwa harakaharaka.

Kikundi kitakachomwalika kimwombe asubuhi nzima, kiandae vipande vya mbao ngumu, msaji au mfenesi, na kisizidishe watu, kwa sababu kila mmoja hupewa keekee atoboe mwenyewe, na hapo ndipo mazungumzo yake yanapokolea.