Mikoba ya kusuka ya Ufilipino: ipi ya kuanzia biashara

Mwenye mtaji mdogo aanze na bayong, aiache t'nalak, kitambaa cha nyuzi za abaka, mpaka biashara isimame.

Bayong ni kapu la sokoni, husukwa kwa miyaa ya buri, aina ya mnazi mwitu, au majani ya mkadi, ambao Wafilipino huuita pandan. Ni jepesi na gumu. Msuko wenyewe ni nadra kuachia. Kinachoachia ni mshikio. Cherehani ikipiga mishono mifupi, matundu hukaribiana na jani hupasuka juu ya mstari uleule, kama stempu inavyochanika. Dai mishono ya milimita 4 au 5, kipande cha ngozi ndani na kingine nje, na riveti mbili kila upande. Kisha tia kilo 5 za mchele, uning'inize mkoba usiku kucha. Asubuhi matundu yakiwa yamerefuka, irudishe sampuli hiyo.

Adui wa pili ni ukungu, hasa miyaa iliyoanikwa miezi ya mvua za habagat, katikati ya mwaka. Ingiza pua kwenye kona za kitako: harufu ya udongo mbichi maana yake majani hayakukauka. Bitana ya kugundisha hufungia unyevu humo humo, kwa hiyo chagua bitana ya pamba iliyoshonwa. Usihifadhi mzigo kwenye plastiki iliyozibwa.

Mikoba ya banig, yaani mkeka, kutoka Basey, kisiwa cha Samar, inapendeza zaidi kwa macho. Nyasi za tikog huanikwa, huchemshwa na rangi, husukwa mkeka, kisha hutariziwa maua. Tatizo ni rangi kuchuja. Sugua mara 20 kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikishika rangi, nguo ya mteja nayo itashika. Na usiikunje, tikog kavu huvunjika kwenye mkunjo.

T'nalak ni jambo jingine kabisa. Wanawake wa T'boli, jamii ya asili ya Lake Sebu, South Cotabato, hufunga nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba, na kuzitia rangi kabla ya kufuma, kisha hung'arisha kitambaa kwa gamba la konokono wa bahari. Kipande kimoja huweza kuchukua miezi. Mfumaji Lang Dulay alitunukiwa heshima ya taifa kwa ufundi huu mwaka 1998. Ili kutambua ya kuigiza, geuza kitambaa: nakshi ya kweli huonekana pande zote mbili, ya kuchapwa hufifia nyuma. Haki za jamii za asili juu ya utamaduni wao zinalindwa na sheria ya 1997, kwa hiyo patana na wafumaji wenyewe kabla ya kutumia nakshi zao. Bei yake ni ya haki. Asiyeweza kuilipa asiiguse.

Jina la biashara husajiliwa DTI, wizara ya biashara na viwanda ya Ufilipino: peso 200 kwa barangay (mtaa), 500 kwa mji, 1,000 kwa mkoa, 2,000 kwa nchi nzima, na 30 za stempu. Hudumu miaka 5. Hufuata kibali cha barangay, cha meya, kisha BIR, mamlaka ya kodi. Mali ya biashara isipozidi peso milioni 3, bila kuhesabu ardhi, omba cheti cha BMBE, cha biashara ndogo sana, kinachosamehe kodi ya mapato.

Oda ya kwanza iwe mikoba 20, mtindo mmoja, saizi mbili. Vipimo viandikwe kwa sentimita za mkoba uliokwisha kukauka, maana jani bichi husinyaa.