Chokaa au saruji kwa ghala la mawe milimani?

Kwa jamaa wa Dar anayekarabati ghala kuukuu la mawe kwenye milima ya Alps, Ufaransa, mimi nasema mawe yaungwe kwa chokaa. Saruji hushika haraka na ni ngumu, lakini haipitishi unyevu vizuri, na hiyo ndiyo hatari: hufungia unyevu ukutani, na baridi ikija maji huganda, hutanuka, jiwe linapasuka. Chokaa ni laini kuliko jiwe na huacha ukuta upumue. Ufa ukitokea, hutokea kwenye kiungo kati ya mawe, unaziba upya. Old Boma, jengo la kale la Dar pale Sokoine Drive, la miaka ya 1860, lilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na bado limesimama! Ila chokaa inataka subira: usiipake joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Saruji itumike kwenye msingi mpya tu.