Tairi zisizo na tyubu kwenye miiba ya Naivasha: uzoefu wangu

Naivasha, anayemtesa mwendesha baiskeli ya mlimani ni mwiba wa mgunga. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na swala, na njia zake zimejaa miiba mikavu. Ongeza vipande vya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno, chenye makali ya wembe. Nilichoka kubandika viraka juani, nikahamia tyubulesi.

Mfumo wenyewe si mpya. Kampuni ya Mavic ya Ufaransa ilitoa UST, mfumo wake wa tairi zisizo na tyubu, mwaka 1999, ila kwa mafundi wengi wa mitaani kwetu bado ni mgeni. Unazungushia ringi tepu isiyopitisha hewa, unafunga valvu, unavalisha tairi, kisha unamimina maji ya kuziba yenye mpira wa lateksi. Kwa tairi yangu ya inchi 29 ni kama mililita 120. Mwiba ukitoboa, hewa inayotoka huyasukuma yale maji hadi kwenye tundu nayo huganda papo hapo. Unasikia "fsss", unazungusha gurudumu ili tundu likae chini, kimya. Unaendelea na safari.

Lakini kilichonishika ni presha. Kwa tyubu nilijaza 35 psi, maana ukipunguza, jiwe huibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Sasa ninatumia 22 mbele na 25 nyuma. Kwenye vumbi jepesi la Buffalo Circuit, njia ya vilimani ndani ya Hell's Gate, gurudumu la nyuma halizunguki bure tena. Linang'ata na kupanda. Mikono nayo haifi ganzi kwa mitetemo. Hata pasipokuwa na mwiba mmoja, ningelipia hilo.

Gharama yake ni uangalizi. Kuikalisha tairi mara ya kwanza kwa pampu ya mkono ni jasho la bure, inataka kompresa. Kwenye kituo cha mafuta mdomo wa bomba haushiki valvu nyembamba ya Presta, kwa hiyo nunua mapema kile kiunganishi kidogo cha shaba. Maji ya kuziba nayo hukauka, na kwa joto letu mimi huongeza kila baada ya miezi miwili hivi.

Pia yana mpaka. Obsidiani ilinipasua ubavu wa tairi, maji yakarukia miguu yangu bila kuziba chochote. Kilichoniokoa ni kipande cha utepe wa mpira wenye gundi unaosokomezwa tunduni kwa sindano nene, kama wafanyavyo mafundi wa tairi za magari. Usitoke bila huo. Beba pia tyubu ya akiba ya TPU, ile ya plastiki: haifiki gramu 100, wakati ya kawaida ni takriban 200. Kabla ya kuiingiza, papasa ndani ya tairi polepole uitoe miiba yote iliyonasa bila wewe kujua, la sivyo tyubu mpya inakufa hapo hapo.

Rafiki alinipa pia nijaribu tairi zake za radiali za kampuni ya Schwalbe, zilizotoka mwaka 2024, ambazo nyuzi zake za ndani zimelazwa kwa pembe tofauti ili mpira ulale zaidi ardhini. Kwenye mawe zinashika vizuri ajabu. Kwenye lami ya kurudi mjini nilizihisi nzito, na kwa safari zetu za kupanda muda mrefu sioni sababu ya kulipa zaidi.

Kama unaendesha mara moja moja, baiskeli ikikaa stoo miezi mitatu, baki na tyubu zako. Kama kila wikendi uko Ngong au Naivasha, badilisha, ukianzia na gurudumu la nyuma.